Kiwanja cha kwanza cha mtafiti wa bahari: kupima nyasi na viumbe wa mchangani

Mhitimu wa sayansi ya bahari hapa Dar huanza kuwazia mitungi ya kuzamia na boti. Angoje kidogo. Kinachomjenga mtafiti ni vipimo vinavyolinganishika mwaka hadi mwaka, na hivyo vinaanzwa kwa miguu, Kunduchi au Mbweni, kwa vifaa vya duka la mabomba. Chagua kiwanja kimoja chenye nyasi bahari, ukipime kila baada ya miezi mitatu.

Ruhusa kwanza. Onana na serikali ya mtaa na BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa ufukweni. Wanaochokoa pweza na kuokota kombe hapo wajue unachopima. Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu tangu 1975, kwa hiyo huko usiguse kitu bila kibali cha Kitengo cha Hifadhi za Bahari.

Siku ichague kwa jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, siyo kwa ratiba yako. Unataka bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maji yakishuka chini ya mita 0.5. Pwani yetu kupwa huko huangukia saa 4 au saa 5 asubuhi, na hiyo ni bahati, maana una mwanga. Fika muda wa saa mbili kabla ya kupwa, ufuate maji yanavyotoka. Yakigeuka, funga kazi. Vaa viatu vya soli ngumu, na penye maji ya magotini buruta miguu ili samaki taa aliyejifukia akimbie mapema.

Kiwanja ni mita 50 kwa 50. Tandika kamba tatu za mita 50 kutoka ufukweni kuelekea baharini, kila moja mita 25 kutoka kwa mwenzake. Kila mita 5, kuanzia sifuri, weka kwadrati, yaani fremu ya mraba, ya sentimita 50 kwa 50: 11 kwa kamba, 33 kwa jumla. Kwadrati hutengenezwa kwa bomba la PVC la nusu inchi na elbo nne. Pima sentimita 50 kwa ndani, baada ya kuunga, kwa sababu elbo hubadilisha kipimo. Toboa matundu ili maji yaingie, la sivyo itaelea. Ukiona mita ya 15 imeangukia kipara cha mchanga, iache hapohapo. Anayeisogeza penye nyasi nzuri ameshaharibu takwimu zake.

Alama za chuma za kuonyesha kiwanja zitaondoka na waokota vyuma chakavu, au zitachoma mguu wa mtu. Tumia GPS, ukiiweka kwenye mfumo wa vipimo vya ramani wa WGS 84. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ni za mfumo mwingine, Arc 1960, na ukiichanganya mifumo hiyo unaweza kukosea kwa takriban mita 300.

Ndani ya kwadrati kadiria asilimia ya nyasi ukiwa umesimama wima juu yake. Wawili wakadirie kimyakimya kwadrati tano za mwanzo. Mkitofautiana zaidi ya asilimia 10, rudieni. Kwenye kutambua aina ndipo wengi huteleza. Thalassia hemprichii na Cymodocea rotundata hufanana kwa mbali. Fukua kidogo: mzizi-shina wa Thalassia ni mnene, una makovu ya pembetatu yaliyopangana, na jani limepinda kama mundu. Ncha ya jani ikiwa na meno kama msumeno, hiyo ni Cymodocea serrulata.

Kwa viumbe wa mchangani, kata bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10, likite hadi sentimita 15, uzibe juu kwa kizibo cha mpira, kisha pitisha kiganja chini kabla ya kuinua. Bila kizibo, mchanga uliolowa humwagika wote. Chekecha kwa chujio la milimita 0.5 ukilitikisa ndani ya beseni la maji ya bahari. Maji ya mpira hukata minyoo vipande. Idadi zidisha kwa 127 kupata kwa mita ya mraba.

Hifadhi kwa sehemu 1 ya fomalini ya dukani na 9 za maji ya bahari, ukitia boraksi kupunguza asidi ya fomalini, kwani asidi hula magamba ya konokono. Glavu, miwani na mahali pa wazi ni lazima, fomalini husababisha saratani. Baada ya siku mbili suuza, uhamishie kwenye ethanoli ya 70%. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli.

Ingiza takwimu usiku uleule. Ulipotafuta ukakosa, andika 0. Ambapo maji yalikuwahi, andika “haikupimwa”.