Jinsi ya kuangalia muvi za zamani za kisanaa bila kujilazimisha kuzipenda

Kuna watu kibao walijaribu muvi moja tu ya zamani iliyosifiwa dunia nzima, dakika ya ishirini wakasinzia, wakasema basi, haya mambo sio yetu. Mi nadhani walianzia pagumu tu.

Anza na fupi. La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya 1966, ni kama saa moja hivi inaisha. Dada wa Dakar anaitwa Diouana anapelekwa Ufaransa, anajua anaenda kulea watoto, kufika huko ni kupika, kufua na kudeki, hatoki ndani ya fleti. Sisi ambao tumeona dada zetu wakienda Uarabuni kwa ahadi za namna hiyo hatuhitaji mtu atufafanulie. We kifuatilie kinyago tu, kile alichowapa mabosi wake kama zawadi, angalia kimetundikwa wapi, nani anakigombania, na mwisho kiko kwa nani. Ukishika hicho kitu kimoja utaona muvi nzima inafunguka bila kusoma uchambuzi wowote.

Ukizoea, nenda kwenye zinazoenda taratibu, na hapo simu weka mbali kabisa, maana sabutaito ukiikosa mara mbili umeshapotea. Tokyo Story ya Ozu wa Japani, 1953, ni zaidi ya saa mbili na kamera karibu muda wote imetulia, imewekwa chini kama vile na wewe umekaa mkekani na hao watu. Wazee wawili wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao mjini, watoto wako bize, wanawapeleka hoteli ya ufukweni ambako kelele haziwaachi walale. Asubuhi wamekaa ukingoni mwa bahari, wanaamua warudi, mama anainuka, anayumba kidogo, anajishika chini. Basi, hakuna muziki wa kukushtua wala nini. Mara ya kwanza niliiona inachosha na sikuimaliza, miaka ikapita, mama yangu akaja kunitembelea mjini na mimi kila siku natoka alfajiri narudi usiku, nikamwachia pesa ya matumizi mezani nikaona nimetimiza. Alipoondoka nikairudia ile muvi na pale mama anapoyumba nililia kweli kweli. Kwa hiyo ukiona muvi haijakuingia usiifute, iweke tu, labda wakati wake kwako bado.

Na listi za wataalamu zisikutishe. Jarida la Sight and Sound la Uingereza linapigisha kura ya muvi bora kuliko zote kila baada ya miaka 10 tangu 1952, mwaka huo namba moja ilikuwa Bicycle Thieves, kuanzia 1962 mpaka 2002 ikakaa Citizen Kane, 2012 Vertigo, 2022 ikawa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Kama wenyewe wanabadilika hivyo, na wewe unaruhusiwa kuwa na yako. Ila tofautisha "mbaya" na "sijaipenda", hilo nalisisitiza sana. Last Year at Marienbad mimi naiona ina picha nzuri mno, ila haijawahi kunigusa, na nasema hivyo hivyo bila aibu na bila kuitukana.

Muvi ikiisha, kabla hujagugo watu wamesemaje, andika mistari mitatu kwenye simu: picha gani imebaki kichwani, wapi ulichoka, wapi moyo ulishtuka. Ukishafika muvi kumi rudi usome, utaijua ladha yako vizuri kuliko mtu yeyote anavyoweza kukwambia.

Alafu tafuta mtu wa kubishana naye. Mimi na binamu yangu tuliangalia Bicycle Thieves pamoja, ile ya De Sica ya 1948, baba anatafuta baiskeli iliyoibiwa Roma na bila hiyo baiskeli kazi hana. Mimi nilibaki na ile sehemu ya mgahawani, mtoto anakula mkate wenye jibini inayovutika huku anamuangalia mtoto wa kitajiri meza ya pili, binamu yeye yuko na kile baba anachofanya mwishoni mbele ya mwanae. Anasema mzazi hawezi kufanya vile, mi nasema anaweza, na kila tukikutana anaanzisha upya.