Darasa limejaa, nyuma kelele, wengine wamelala: ufanyeje

Walimu mnaoripoti huku kusini mwa Tanzania, Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na kwingineko, swali lenu nalijua. Darasa lina watoto 70, nyuma wanapiga stori, wengine wamelalia dawati, na ukisema wakae kwenye makundi ndo inakuwa gulio kabisa. Mi nasema hivi, kabla hujamshughulikia mtoto ishughulikie kwanza kazi uliyompa, maana kelele nyingi zinatoka kwa mtu ambaye hana cha kufanya.

Anza na ukubwa wa kundi. Ukiweka watoto kumi kwenye kitabu kimoja wawili wanafanya, wanane wako likizo. Mfaransa Max Ringelmann alipima watu wakivuta kamba akaona kadri wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta kwa nguvu ndogo kuliko akiwa peke yake, matokeo yake yalichapishwa 1913, na hiyo ni kamba, kazi unayoiona kwa macho, sembuse swali la Jiografia. Kwa hiyo wanne, wakizidi sana watano. Usihangaike kukokota madawati na kupoteza dakika kumi za kipindi, wa dawati la mbele wageukie wa nyuma yao, kundi tayari.

Halafu kila mtu awe na kipande chake. Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kufanya hivi 1971 kule Austin, Texas, shule zilikuwa ndo zimechanganya watoto wa rangi tofauti na walikuwa hawaelewani hata kidogo, akaigawa mada vipande ili kila mtoto ashike kitu ambacho wenzake hawana. Huku kwetu chukua mada ya korosho: mmoja ubwiriunga (ugonjwa wa mikorosho) na salfa ya kuuzuia, mmoja kuokota na kukausha, mmoja ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na mnada, wa nne ubanguaji. Wenye kipande kimoja wakutane kwanza (kama ni wengi wagawe tena, usije ukatengeneza kundi la watu 17), wasome, waulizane, kisha kila mmoja arudi kwa wenzake awafundishe. Utashangaa yule mkorofi wako wa nyuma ndo anaijua bei ya mnada kuliko wewe, na siku hiyo wenzake wanamhitaji. Mwisho toa kajaribio kafupi, kila mtu peke yake na maksi zake, maana ukitoa maksi za kundi tu mzembe anabebwa na anayefanya ananuna, na ana haki ya kununa.

Kwa kidato cha kwanza kuna jambo jingine, lugha. Mtoto katoka miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, leo unamwambia ajadili kwa Kiingereza, lazima anyamaze au afanye fujo. Waache wabishane kwa Kiswahili, jibu la mwisho ndo waliweke kwa Kiingereza pamoja na wewe. Na ukiuliza swali subiri! Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aligundua walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja hivi, na wakifika tatu majibu yanakuwa marefu na wanaojitokeza wanaongezeka. Hesabu kimoyomoyo, usimtaje mtu mpaka umalize.

Sasa wanaolala. Kuanzia Oktoba angalia mikono kabla hujaanza kufoka. Vidole vyeusi, ngozi inabanduka, huyo anabangua korosho nyumbani, na mwingine kaamka usiku wa manane kwenda kuokota ili afike mstarini kwa wakati, na wewe bado hujajua amekula nini. Mpe kazi ya kusimama, afute ubao, agawe karatasi, aandike majibu ya kundi. Maswali ya nyumbani muulize pembeni baada ya kipindi.

Mvurugaji wa kweli usibishane naye mbele ya darasa, utashindwa hata ukishinda. Endelea kufundisha huku unasogea taratibu mpaka usimame kwenye dawati lake, weka kidole kwenye daftari pale alipotakiwa kuwa amefika, ondoka. Hasa hawa waliotoka jando na unyago juzijuzi, wameshaambiwa ni watu wazima, ukimuita "we mtoto" mbele ya wasichana umejitafutia vita ya mwaka mzima.

Fimbo sitaki mjadala mrefu. Kanuni zenyewe zinasema anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa kibali kwa maandishi, viboko visizidi 4, na viandikwe kwenye daftari, kwa hiyo ule mchapo wa darasa zima kwa sababu eti "wote wanapiga kelele" hauna kanuni inayoulinda, na kesho utawakuta kimya lakini hakuna anayekuuliza swali.

Ikishindikana ita nyumbani, ila usikomalie baba tu. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo unakwenda kwa mama, kwenye familia nyingi mjomba ndo mwenye neno, anaweza kuja yeye na msalimie kwa heshima zake, shikamoo mzee, kaa naye kivulini. Mweleze kwanza kitu kimoja mtoto anachofanya vizuri, kisha tatizo, kisha muulize yeye anaonaje, halafu mkubaliane siku ya kukutana tena na uiandike palepale akiwa anaona.