Picha ya mchezaji akisaini: je, ni ya jezi hii uliyoshika?

Kazi yangu ni kutengeneza fremu. Kibanda changu kipo Arusha, jirani na uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na miaka hii, mbali na vyeti vya kuhitimu na picha za harusi, watu wananiletea jezi zenye saini, namba za kifuani za mbio, hata mipira iliyotolewa upepo. Wengi huja na picha kwenye simu. "Shikamoo fundi, hebu angalia, ni yeye mwenyewe anasaini." Marahaba mwanangu, ninamwona, na kalamu ninaiona. Ninachotaka kujua ni kama kitambaa kilicho chini ya hiyo kalamu ndicho hiki ulichoniwekea mezani.

Anza na swali hilo kabla hujauliza kama picha imechezewa. Picha inaweza kuwa ya kweli kabisa na jezi ikawa feki. Mjanja anamvizia mchezaji nje ya hoteli, anasainiwa jezi moja, mwenzake anapiga picha. Nyumbani ana jezi nyingine kumi za aina ileile na mtu anayejua kuiga mwandiko. Zote zinauzwa kwa picha moja.

Kwa hiyo lazima ulinganishe. Tandika jezi juu ya meza penye mwanga wa dirisha, weka simu pembeni, kuza picha. Chagua alama zisizohama: mshono wa bega, nembo ya klabu, ukingo wa herufi za mdhamini, mistari ya kitambaa. Halafu fuata saini yenyewe polepole. Inaanzia wapi? Mkia wake unaishia juu ya herufi ipi? Kuna mahali inakata mshono? Usipime kwa kuona tu kwamba saini zinafanana, maana kufanana ndiko mwigaji anakokufanyia kazi. Pima mahali ilipokaa. Mtu anaweza kuiga mwandiko vizuri sana, lakini kuangusha kila mstari palepale ulipoangukia kwenye jezi nyingine ni shughuli ngumu.

Hapa watu huchanganyikiwa na jambo moja. Jezi mara nyingi husainiwa ikiwa pajani, au mgongoni kwa shabiki aliyeivaa, kwa hiyo kitambaa kinakuwa kimevutika. Ukiitandika mezani, saini inaonekana imejikunja au imebanana kuliko kwenye picha. Hilo halinipi shaka. Kitambaa kinavutika pamoja na wino wake: mstari uliopita juu ya nembo utaendelea kupita juu ya nembo hata jezi ikunjwe vipi. Kwenye picha ukipita juu, na kwenye jezi ukapita pembeni, hizo ni jezi mbili tofauti.

Angalia pia wino. Kwenye kitambaa chenye vitundu, maka hunywewa na kingo zake huota vinyweleo. Kwenye namba ya mpira iliyobandikwa mgongoni, wino hukaa juu na kung'aa. Picha ikionyesha kalamu juu ya namba, basi hata jezi iwe na wino juu ya namba.

Tatizo kubwa ni kwamba picha nyingi zinapigwa katikati ya tendo, mkono umefunika saini. Picha ya namna hiyo inakuonyesha kalamu ilipogusa tu. Muulize muuzaji: ulipiga hii moja tu? Aliyekuwepo kweli kwa kawaida ana kadhaa, za kabla na za baada, na zilizotikisika zimo. Hizo zilizotikisika ninazipenda, kwa sababu hakuna anayejisumbua kutengeneza picha mbaya. Bora kuliko zote ni ile iliyopigwa mara baada ya kalamu kuinuliwa, jezi ikiwa wazi.

Namba ya kifuani ni rahisi. Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon, kila mkimbiaji ana namba yake. Namba ikisomeka kwenye picha, na matundu ya pini yakiwa palepale, kazi imeisha. Mpira, tafuta tundu la kujazia upepo na uhesabu vipande kutoka hapo hadi kwenye saini. Kadi na picha zilizochapwa ndizo ngumu kupita vyote, kwa kuwa nakala elfu moja zinafanana. Kama haina kona iliyokunjika au doa linaloonekana kwenye picha na kwenye kadi yenyewe, umebaki na mahali saini ilipokaa tu. Na kama mkono umepafunika, picha haijakusaidia chochote, na mteja wangu nitamwambia hivyo hata kama atakasirika.

Tarehe nazo huongea. Kijana mmoja aliniletea jezi ya Aston Villa yenye saini ya Mbwana Samatta, akasema amehakikishiwa ilisainiwa baada ya fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, 1 Machi 2020, siku Samatta alipofunga na Manchester City wakashinda 2-1. Kifuani jezi iliandikwa Cazoo. Msimu ule wa 2019/20 mdhamini wa kifuani alikuwa W88. Cazoo walianza msimu wa 2020/21, na Septemba 2020 Samatta alikwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Kwenye picha ya simu ya kijana mwenyewe, W88 ilisomeka wazi. Saini labda ni ya Samatta, labda siyo, ila ile picha haikuwa ya jezi ile. Kijana yule alikuwa anamnunulia baba yake zawadi. Jambo hilo liliniuma, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Ukimaliza na kitu, ndipo urudi kwenye picha. Itafute mtandaoni kwa Google Lens, programu inayotafuta kwa kutumia picha. Mara nyingine inatokea kwenye ukurasa wa mtu mwingine kabisa, ya miaka iliyopita, ikiwa imekatwa pembeni. Kama mchezaji unayejua anatumia mkono wa kulia anasaini kwa kushoto, soma herufi za jezi: zikiwa kinyumenyume, picha imegeuzwa. Omba faili halisi. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaibana na kuondoa taarifa za saa na simu iliyopiga. Ikitumwa kama faili la nyaraka, taarifa hizo hubaki. Usiziabudu, zinaweza kubadilishwa. Kuhusu picha za akili mnemba, kagua vidole na herufi ndogo za nembo, lakini programu hizo zinazidi kuwa hodari, kwa hiyo mimi nategemea kulinganisha kitu na picha kuliko kusaka vidole sita.

Uliza pia nani alipiga. Septemba 2025 pale Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni kwa muda uleule, 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ikampa Simbu dhahabu, ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Tuliikubali kwa sababu kamera ilikuwa imewekwa kwenye mstari na haikuwa ya mkimbiaji yeyote. Picha ya muuzaji ni maneno ya muuzaji. Ya shabiki mwingine, au ya mwandishi wa habari aliyekuwepo, ina uzito zaidi.

Cheti cha kuthibitisha saini kisikutulize haraka. Marekani, FBI katika uchunguzi walioupa jina Operation Bullpen walikamata genge lililouza saini bandia zikiwa na vyeti, hadi mipira ya besiboli yenye saini ya mtawa Mother Teresa.

Nikishafunga fremu, nyuma yake ninaandika kwa penseli nilichokiona mwenyewe: picha na jezi zimelingana kwenye nembo, kwenye mshono, kwenye mkia wa saini, au, "mteja ameeleza, sijaweza kulinganisha". Bei ya fremu ni ileile.