Chanjo ya kichaa cha mbwa na leseni: mwongozo kwa wenye mbwa na paka Nairobi

Mwenye mbwa jijini Nairobi ana wajibu wa aina mbili ambazo watu wengi huzichanganya, yaani chanjo ya kichaa cha mbwa na leseni ya kaunti. Chanjo humkinga mnyama pamoja na watu anaoishi nao, ilhali leseni ni idhini ya kumfuga ndani ya mipaka ya kaunti. Chanjo ndiyo inayotangulia, kwa kuwa cheti chake ni ushahidi ambao mwombaji wa leseni anapaswa kuwa nao mkononi.

Mwenye paka ana mzigo mwepesi kidogo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linapozikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, linataja utoaji wa leseni za mbwa na halimtaji paka. Wapo wanaouchukulia ukimya huo kuwa ruhusa ya kutomchanja paka, na hapo wanakosea vibaya, kwa maana paka huumwa na mbwa mgonjwa, akaugua, kisha akamwambukiza mtu kwa kumuuma. Tena paka wa mtaani hupita juu ya kuta na mapaa ambako mwenyewe hawezi kumfuata wala kujua amekutana na nani.

Mpeleke mnyama kwa daktari wa mifugo anapofikisha umri wa miezi mitatu. Kabla ya hapo, kinga aliyoirithi kwa mama yake inaweza kupunguza nguvu ya chanjo. Akichanjwa mapema katika kampeni ya umma si vibaya, ila arudiwe baadaye kama daktari atakavyoelekeza. Chanjo ya pili hutolewa baada ya mwaka mmoja. Zipo chanjo zilizoidhinishwa kukinga kwa muda mrefu zaidi, lakini ratiba inayozoeleka nchini ni ya kila mwaka, na ndiyo ninayoishauri katika mji wenye mbwa koko wengi kiasi hiki. Ugonjwa wenyewe si mgeni hapa: kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini Kenya, mwaka 1912, kilikuwa cha mbwa viungani mwa Nairobi. Mkakati wa taifa wa kuutokomeza, uliopangiwa kipindi cha 2014 hadi 2030, unategemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kiwango ambacho maambukizi hukatika kikidumishwa.

Huduma hupatikana katika kliniki za binafsi, katika kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete, na kwa maafisa wa mifugo wa kaunti. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi hufanyika kampeni za chanjo ya bure. Popote uendapo, hakikisha anayechanja amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na utazame chanjo inatoka wapi. Inapaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo mtu anayezunguka mtaani na chupa mfukoni chini ya jua la mchana huenda anakuuzia maji tu.

Usiondoke kabla ya kukisoma cheti. Kinapaswa kuonyesha jina lako, spishi, jinsia, rangi na umri wa mnyama, jina la chanjo na namba ya toleo lake, tarehe ya kuchanjwa na ya kurudi, pamoja na jina, namba ya usajili, sahihi na muhuri wa daktari. Cheti kilichoandikwa “mbwa, mweusi” hakimtambulishi mbwa wako katika mtaa wenye mbwa weusi kumi. Omba alama ya pekee iandikwe, au namba ya chipu, yaani kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, ikiwa anayo. Kipige picha na uihifadhi kwenye simu.

Ukiwa na cheti, nenda kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti uombe leseni. Nairobi ina sheria yake ya mwaka 2015 inayohusu udhibiti na ustawi wa mbwa. Ada hupangwa na kaunti na inaweza kubadilika, kwa hiyo uliza kiwango cha sasa, ulipe kupitia njia rasmi za kaunti na udai risiti badala ya kumkabidhi mtu fedha taslimu. Mpangaji akumbuke kwamba leseni haimlazimishi mwenye nyumba kukubali mbwa. Mkataba wa nyumba unasimama peke yake.

Mnyama akimuuma mtu, cheti hakimzuii aliyeumwa kutibiwa. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, lisitiwe pilipili wala mafuta ya taa, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani dalili zikishaanza ugonjwa huu huua karibu kila mara. Mbwa au paka aliyeuma asiuawe ovyo. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa wa mifugo apewe taarifa: mnyama ambaye mate yake yalikuwa na virusi alipouma huugua au kufa ndani ya siku hizo. Cheti humsaidia daktari kupima uzito wa hatari, lakini uamuzi wa tiba ni wake.

Anayetaka kusafiri na mnyama nje ya nchi aanze miezi kadhaa mapema. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutaka mnyama anayetoka Kenya awekwe chipu kabla ya chanjo, achukuliwe damu ya kupima kinga siku 30 au zaidi baada ya kuchanjwa, kisha angoje miezi mitatu tangu damu hiyo ichukuliwe. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na itabidi arudiwe.