Gia otomatiki ikigoma, pima umeme kabla ya kushusha giaboksi

Pikapu kuukuu za Toyota zinazobeba dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hufika gereji kwetu Nyakato zikiwa na lalamiko lilelile: gari limeng'ang'ania gia moja, linaondoka kwa uzito, na taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa) inawaka na kuzima yenyewe. Mara nyingi mwenye gari ameshaambiwa anunue giaboksi ya mtumba. Mwongozo huu unahusu giaboksi za jamii ya A340E, ambazo kompyuta huzibadilisha gia kwa solenoidi, yaani vali ndogo zenye koili ya umeme.

Kwanza, tazama kiwango cha oili ya gia, kisha soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta; usichomoe betri kabla ya hapo, kwa sababu kumbukumbu ya hitilafu itafutika. Kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, huku O/D ikiwa imeruhusiwa, uhesabu mimweko ya taa. Sita, kituo, kisha miwili ni kodi 62, yaani solenoidi namba 1. 63 ni namba 2. 64 ni ya lokapu, klachi inayofunga tokikonveta. 42 na 61 ni sensa za mwendo.

Pili, pima betri. Ikiwa imejaa na injini imezimwa, isome volti 12.6 hivi. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya giaboksi, mwenzako apige stata: ikizidi nusu volti, waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) umechoka. Kodi nyingi za ajabu huishia hapa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Chomoa soketi ya solenoidi, uendeshe gari ukibadilisha gia kwa mkono: L itatoa gia ya kwanza, 2 itatoa ya tatu, na D itatoa ya nne. Zikipatikana zote, klachi za ndani zinashika na ugomvi wako ni wa umeme. Jaribu kwenye tambarare. Anayeondoka na gia ya nne akielekea mlima wa Bugando anajitafutia aibu.

Soketi ikiwa bado imechomolewa, pima kila pini ya solenoidi upande wa giaboksi dhidi ya bodi. Omu 11 hadi 15 ni salama. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, na ikikaribia sifuri imepiga shoti. Rudia giaboksi ikiwa ya moto, kwani koili iliyochoka huweza kusoma vizuri asubuhi na kukatika mchana.

Solenoidi zikiwa nzima, rudi kwenye soketi yenyewe. Pikapu moja niliyoihangaikia siku mbili ilikuwa inaoshwa kila jioni ufukweni kwa mashine ya presha, na nilipoivua raba ya soketi nilikuta maji na pini moja iliyoota kutu ya kijani, nyembamba kama sindano. Usisokote waya na kufunga gundi ya karatasi: badilisha pini, lehemu kwa risasi, na uvike mrija unaonywea kwa joto.

Mwisho, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi ili kodi zifutike, irudishe, endesha hadi giaboksi ipate moto, kisha usome kodi upya. Taa ikimweka mfululizo bila kituo, mara mbili kwa sekunde, mkabidhi mwenye gari ufunguo wake.