Banda la nguzo lisilong'olewa na upepo: mashimo, zege na mbao za mshazari

Banda la wazi la ng'ombe au la nyasi kavu ni nadra kuangushwa na uzito wa paa lake. Huling'oa upepo. Dhoruba ya kilomita 108 kwa saa husukuma karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Nguzo inayobeba mita za mraba 9 za paa huvutwa juu kwa kilo 500 hivi, na mabati na mbao zake hazifiki kilo 150. Kwa hiyo msingi ni nanga.

Vipimo hivi ni vya banda la mita 6 kwa 12: nguzo 10 za mkaratusi uliotiwa dawa, mita 4.2 kila moja, unene milimita 150, zikiachana mita 3.

1. Kupima. Piga vigingi kwenye pembe, vuta kamba. Vipimo viwili vya ulalo, pembe hadi pembe ya mkabala, lazima visome mita 13.42. Vikitofautiana, pembe haziko sawa na mabati yatakusumbua.

2. Kuchimba. Kina mita 1.2, upana sentimita 45. Fundi akichoka huchimba shimo pana juu, jembamba chini. Mkatalie: shimo la namna hiyo huachia nguzo kama kizibo. Chini kuwe kupana kidogo kuliko juu. Marumu, udongo mwekundu wa changarawe, hushika vizuri; udongo mweusi wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, huko ongeza kina hadi mita 1.5 na ununue nguzo ndefu zaidi.

3. Kusimamisha. Shindilia kokoto sentimita 15 chini, nguzo ikae juu yake. Usimwage zege chini ya nguzo. Linakuwa kikombe cha maji. Toboa kitako mara mbili, sentimita 15 na 30 kutoka mwisho, matundu yapishane, upake dawa ndani, upitishe nondo za milimita 12 zenye urefu wa sentimita 35. Bila nondo hizo, mti ukikauka husinyaa na kuchomoka kwenye zege. Ukilazimika kufupisha nguzo, kata juu, kamwe si kitako: dawa haifiki kwenye kiini, na mchwa wataingia hapo.

Zege ni 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mifuko 12 ya saruji kwa mashimo yote. Lipande sentimita 5 juu ya ardhi, limwage maji kuelekea nje, kwa sababu nguzo huoza pale inapokutana na udongo. Pima kwa timazi pande mbili, egemeza kwa miti, subiri siku 7.

4. Mbao za mshazari. Kwenye kila nguzo shuka sentimita 75 chini ya boriti, tembea sentimita 75 kwenye boriti, unganisha kwa mbao ya inchi 4 kwa 2. Funga kwa bolti ya milimita 12 na washa pana kila ncha; misumari pekee hulegea banda likitikisika. Fanya hivyo kwa urefu, kisha kwa upana kuelekea kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Chini ya papi (mbao zinazopigiliwa mabati), kwenye sehemu za mwisho za paa kati ya kenchi na kenchi, weka hupu ayani (mikanda ya chuma) mbili zilizopishana: hupu huvuta tu, haisukumi, hivyo moja haitoshi.

Funga kila kenchi kwenye boriti, na boriti kwenye nguzo, kwa hupu inayozunguka.

5. Mabati ni ya mwisho. Yakipigwa kabla ya mishazari, banda linakuwa tanga lisilo na kamba.