Kabla ya Kumpeleka Kijana Naivasha kwa Safari Rally Yake ya Kwanza

Tuliokulia miaka ya tisini tuliijua Safari Rally kwa kusimama kando ya barabara. Hadi 2002 magari yalishindana kwenye barabara zilizo wazi kwa umma, yakipishana na matatu na ng'ombe, nasi tulijipanga ukingoni kabisa, tukingoja kusikia Subaru ya dereva wetu Mkenya Patrick Njiru inakaribia ndipo turuke mtaroni. Hakuna aliyetukemea. Kwa hiyo mzazi anayempeleka kijana Naivasha kwa mara ya kwanza aanze na nafsi yake: yale mazoea ya ukingoni ayaache nyumbani, maana mtoto atasimama pale utakaposimama wewe.

Mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, yalirudi kwa sura nyingine. Sasa hukimbiwa kwenye mikondo, yaani vipande vya njia vilivyofungwa ambako gari moja moja hupimwa muda, mingi ikiwa kando ya Ziwa Naivasha na kuelekea Elmenteita: Loldia, Kedong, Geothermal, Soysambu, Sleeping Warrior, Hell's Gate. Ratiba hubadilika mwaka hadi mwaka, basi usitegemee ya mwaka jana. Ikitoka mpya, mkabidhi kijana aisome yeye. Mimi nilimpa binti yangu, akiwa na miaka 14, pamoja na kalamu nyekundu, naye akazungushia mikondo mitatu ya siku moja. Nikamwomba achague mmoja tu.

Mmoja unatosha. Mikondo mingi hupitiwa mara mbili, asubuhi na tena alasiri, kwa hiyo ukitulia mahali pamoja utayaona magari yote mara mbili na kati yake mtakula na kupumzika. Anayekimbizana na magari kutoka mkondo hadi mkondo huishia kwenye foleni. Tena njia za kuingilia hufungwa mapema sana kabla ya gari la kwanza. Mwaka wetu wa kwanza tulifika ikiwa imebaki nusu saa, tukakuta njia imefungwa, tukaanza kutembea na kikapu cha chakula kati yetu. Mzunguko wa asubuhi tuliusikia tu kwa mbali. Tangu hapo Nairobi tunaondoka saa tisa usiku, na sijawahi kujuta.

Sasa pa kusimama, na hapa sina mzaha hata kidogo. Nendeni sehemu zilizotengewa watazamaji, kisha ndani ya sehemu hiyo tafuteni mwinuko. Upande wa nje wa kona ndiko gari huelekea tairi zikikosa kushika. Upande wa ndani nao si salama, kwa sababu madereva huikata kona na kurusha mawe. Usikae chini wala usiketi juu ya jiwe kubwa lililo karibu na njia. Kabla hamjatandika shuka, mwambie kijana ageuke nyuma akuonyeshe atakimbilia wapi gari likija upande wenu. Kama hapo nyuma kuna ua, miiba au korongo, hameni.

Mweleze pia mpangilio wa magari. Gari lenye namba 0 hupita kabla ya washindani kuthibitisha kwamba njia iko wazi, na la kufagia hupita mwisho. Kati ya mshindani mmoja na mwingine kuna dakika kadhaa za kimya, na ni katika kimya hicho vijana hushawishika kuvuka wapate picha nzuri ng'ambo. Makubaliano yetu ni kwamba havuki mtu mpaka gari la kufagia lipite. Mara nyingi utasikia helikopta kwanza. Ukiisikia, simu inashuka, macho yanapanda.

Halafu vumbi. Naivasha kuna lile linaloitwa fesh-fesh, laini kama unga wa ngano, na gari likishapita hamtaonana kwa muda ingawa mmeshikana mikono. Linaingia kwenye meno, kwenye sikio, kwenye tundu la chaji ya simu. Barakoa, miwani na leso kubwa ni lazima, na mwenye pumu asitoke bila pampu yake mfukoni, si kwenye gari. Chukueni sweta kwa sababu alfajiri ya huko ni baridi kweli, kofia kwa ajili ya saa sita mchana, na makoti ya mvua.

Maji mengi zaidi ya mnayodhani, chapati, mayai ya kuchemsha. Pesa taslimu kidogo, kwani mtandao huelemewa watu wakijaa na M-Pesa ikagoma. Kwa sababu hiyohiyo chagueni mti au bango la kukutania mkipotezana. Vyoo ni vichache na viko mbali. Kwa binti, weka karatasi, pedi na sabuni kwenye begi lake mwenyewe ili asikuombe mbele za watu. Hell's Gate ni mbuga ya taifa, hivyo ulizia kiingilio mapema, na msiache mabaki ya chakula kwa nyani.

Kuhusu kulala, vyumba hujaa na bei hupanda, na usiku mji mzima ni muziki na pombe. Zungumzeni kabla hamjafika, si mlangoni mwa klabu. Mimi hutafuta pa kulala mbali na mji, na jioni ile namsimulia binti yangu juu ya Ian Duncan, Mkenya wa mwisho kushinda Safari ikiwa kwenye ubingwa wa dunia, mwaka 1994. Anauliza maswali mpaka analala.

Jambo la mwisho ni shule. Tangu 2024 mashindano yamekuwa yakifanyika Machi, muhula wa kwanza ukiendelea, na aliye bweni hatoki bila ruhusa iliyoombwa mapema. Jumapili jioni foleni ya kurudi Nairobi ni ndefu. Sare ya Jumatatu iwe imepigwa pasi kabla hamjaondoka nyumbani.